Mtoto akidumbukia kwenye bwawa la hoteli, lawama zote ni za mzazi?

Mama Nasri (Dar es Salaam)

Wadau habari zenu. Naomba mawazo, hasa ya wenye uzoefu wa ujenzi na wa sheria.

Tulikwenda na familia kwenye hoteli moja ya ufukweni, zile ambazo Jumapili unalipa kiingilio, watoto wanaogelea, wakubwa mnakula. Mabwawa yapo mawili yamepakana, la watoto maji ya magoti na la wakubwa. Kinachoyatenga ni ukingo wa vigae wenye upana wa unyayo, tena uko chini kiasi kwamba mtu akijirusha upande wa pili maji yanapita juu yake. Vigae ni buluu ileile pande zote na namba za kina zimefutika. Uzio hakuna, mwokoaji hakuna. Kilichopo ni kibao ukutani: "Usalama wa mtoto ni jukumu la mzazi. Uongozi hautahusika na ajali yoyote."

Nasri ana miaka minne. Nilikuwa nimekaa ukingoni miguu ikiwa majini, mdogo wake yuko mapajani. Upepo ukausukuma mpira wao ukavuka ule ukingo, Nasri akaufuata. Mimi nimeinama namfunga mdogo pampasi. Kuinua kichwa, mpira nauona, mtoto simwoni. Hakupiga kelele, hata maji hayakuruka. Aliyemwona ni mhudumu aliyekuwa akipita na sinia la chipsi. Alilitupa akajitosa na sare yake. Nasri alitolewa midomo imebadilika rangi, akatapika, ndipo akalia. Hospitali walimlaza wakamwangalia usiku kucha, kwa sababu maji yakishaingia kwenye mapafu, shida ya kupumua inaweza kuja saa kadhaa baadaye. Alhamdulillah, sasa ni mzima.

Meneja alichonijibu ni kunionyesha kile kibao. Nyumbani nako wifi zangu wameniweka kikao: "Wewe ulikuwa wapi?" Nilikuwa palepale.

Naomba kujua mawili. Kibao kama kile kinamtoa mwenye hoteli kabisa? Na je, ipo namna ya kujenga bwawa ili muda wa kumfunga mtoto pampasi usitoshe kumpoteza mwingine?

Bi Zuhura (Tanga)

Pole sana mwanangu, Mungu amkuze. Lakini nitakwambia bila kukuficha. Wanangu nimewalea kandokando ya bahari, na mtoto wa umri huo kwenye maji anashikwa mkono, hatazamwi tu. Wenye hoteli hawakukuahidi kukulelea. Ukiwa na wawili wadogo, toka na msaidizi.

Mama Nasri

Shikamoo bi mkubwa. La msaidizi nimelichukua. Baba yao alikuwepo, alikwenda kaunta kuagiza chakula, na ukiangalia siku ile karibu kila mama pale alikuwa na mwingine mapajani au mgongoni. Wanaouza kiingilio cha watoto wanajua wanaokuja ni watu wa namna hiyo. Wanajua pia kuwa mpira ukivuka, mtoto ataufuata.

Fundi wa Tegeta

Dada pole. Mimi najenga mabwawa, ya majumbani na ya hoteli, na swali lako la pili lina jibu linalojulikana miaka mingi.

Australia bwawa halihesabiki limekamilika bila uzio. Urefu wake usipungue mita 1.2, nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, na pasiwe na kitu cha kukanyagia karibu, iwe kiti, chungu cha maua au bomba la kulala. Geti linafunguka kwa nje na lina bawaba za springi, kwa hiyo ukiliachia linajifunga na kujikomea lenyewe. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Mtu mzima akisahau, geti halisahau. Ufaransa walipitisha sheria yao mwaka 2003, mwenye bwawa la nyumbani achague kati ya uzio, kingʼora, kifuniko au kibanda cha kulifunika. Kwa maoni yangu mimi uzio wa pande zote nne unavishinda vyote, maana kingʼora kinalia mtoto akiwa tayari yuko majini.

Kwa hoteli yako kuna kosa baya kuliko kukosa uzio. Bwawa la watoto halitakiwi kupakana na la wakubwa kwa ukingo wa kutembelea. Ama unayatenganisha kabisa, kila moja na uzio wake, ama unaweka ukuta wa kweli katikati. Na kigae cha mahali kina kinapobadilika kinawekwa rangi nyingine, jicho lione.

Jambo jingine ambalo wageni hawalioni ni kifuniko cha tundu la kunyonyea maji kule chini. Kikiwa bapa, au kimevunjika, pampu inaweza kumnasa mtoto akashindwa kuinuka hata akiwa anajua kuogelea. Marekani walitunga sheria ya vifuniko hivyo mwaka 2007 baada ya binti wa miaka saba kunaswa na kufa mwaka 2002, na mama yake alikuwa palepale anamvuta.

Sasa niseme la ndani ya kazi yetu, maana linaniuma. Uzio ninauandika kwenye makadirio. Mteja anapitisha taa za chini ya maji, anapitisha vigae kutoka nje, akifika kwenye uzio anakata. Sababu anayonipa ni kwamba utaharibu picha. Ni bomba za skwea na siku chache za fundi wa kuchomelea, wala si gharama ya kumfilisi mtu mwenye hoteli.

Msukuma wa Ziwani (Mwanza)

Tusiishie hotelini. Huku kwetu watu wanachimba mchanga na mawe, wakimaliza wanahama, shimo linabaki. Masika yakija linajaa, watoto wanakwenda kuogelea, na msibani watu wanamuuliza mama kwa nini hakumchunga. Mama alikuwa sokoni anatafuta unga. Aliyechimba haulizwi.

Wakili wa Mvita (Mombasa)

Mama Nasri pole sana. Mimi ni wakili Kenya, kwa hiyo kwa Tanzania mwone wakili wa huko, ingawa kanuni nyingi sote tulizirithi kwa Mwingereza.

Kwetu ipo Sheria Sura ya 34, inayohusu wajibu wa mwenye eneo kwa wanaoingia. Inamtaka ategemee kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Kuhusu vibao, onyo peke yake halimwondolei dhima mwenye eneo, isipokuwa kama lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Kibao chako kilimwambia nani ana jukumu. Hakikumwambia mtu yeyote kina kirefu kinaanzia wapi.

Kesi mbili za Uingereza zinaonyesha mzani ulivyo. Mwaka 1922, Glasgow dhidi ya Taylor: mtoto wa miaka saba alikula matunda yenye sumu katika bustani ya umma akafa. Yalikuwa ya kuvutia kama cheri, na hayakuwekewa uzio wala onyo la kutosha. Manispaa ikaambiwa ina kesi ya kujibu. Mwaka 1955, Phipps dhidi ya Rochester: mtoto wa miaka mitano, akiwa na dada yake wa miaka saba, alitumbukia kwenye mtaro uliochimbwa uwanjani akavunjika mguu. Mtoto alishindwa kesi, kwa sababu jaji aliona mwenye ardhi ana haki ya kutegemea kuwa wazazi hawataachia watoto wadogo hivyo watembee peke yao. Kwa hiyo Bi Zuhura naye ana sheria upande wake. Ila wewe hukumwachia mtoto uwanjani. Ulimpeleka mahali palipotozwa kiingilio kwa ajili yake, na ulikuwa kando yake.

La mwisho, ambalo wazazi wengi hawalijui: madai ni ya mtoto mwenyewe. Hata mahakama ikiona mzazi alizembea, uzembe huo haufuti haki ya mtoto. Mwenye hoteli anaweza kumdai mzazi achangie fidia, lakini hawezi kusema "mama alizubaa" biashara ikaishia hapo.

Mama Nasri

Ahsanteni sana. Wakili, maneno yako ya mwisho nimeyasoma kwa sauti mbele ya wifi zangu.

Kesi siitaki kwa sasa, mwanangu yupo. Naandika barua kwa mwenye hoteli, si kwa meneja, na nataka niwataje kwa jina vitu vinavyotakiwa: uzio, geti la kujifunga, ukuta katikati ya mabwawa, mwokoaji siku za kiingilio. Yule mhudumu naye nitamwandikia humo, maana nasikia alikatwa pesa ya sahani zilizovunjika. Fundi, komeo la geti linakaa urefu gani?

Fundi wa Tegeta

Mita 1.5 kutoka chini, mtoto asilifikie. Nitumie ujumbe pembeni na picha za mabwawa yote mawili, nikuchoree na vipimo uambatanishe kwenye barua. Sitatoza.