Naomba ushauri: kusahihisha matamko ya fanksheni za C kwenye mwongozo wa Lua

Wakuu habari zenu. Ofisini tuna mwongozo wa Kiswahili wa kuunganisha lugha za programu Lua na C, ulioandikwa enzi za Lua 5.1. Nimepewa kazi ya kuusahihisha maana sasa tunatumia 5.4.

Fanksheni ya lua_resume haina utata: mwongozo unaipa vigezo 2, lua.h (faili lenye matamko rasmi) ya 5.4 inadai 4, cha mwisho kikiwa pointa ya int inayopokea idadi ya matokeo. Ukikosea, kompaila inakugomea papo hapo. Kinachoniumiza kichwa ni zile za kimya kimya. lua_getfield imeandikwa kuwa inarudisha void, kumbe tangu 5.3 inarudisha int, yaani aina ya thamani iliyowekwa kwenye steki (rundo ambalo Lua na C hupitishia thamani). Msimbo wa zamani unapita bila kelele, kwa hiyo vijana wanaita lua_type (ya kuuliza aina ya thamani) mstari unaofuata bila sababu.

Sasa nibakize tamko la 5.4 pekee, au la 5.1 likae kando yake? Kuna mteja bado yuko LuaJIT, kiendeshi kingine cha Lua kinachofuata 5.1, na huyo ndiye msumbufu kuliko wote. Halafu, kuna anayelinganisha mwongozo na lua.h kwa skripti? Kwa macho nitakesha.