Tupeane uzoefu: walimu wa Dodoma mliopata ruzuku ndogo za miradi ya darasani, ilikuwaje?

Chaki Fupi: Wakuu, leo nilikuwa napanga kabati la ofisi nikakutana na faili la mradi wetu wa zeze. Mwili umesisimka. Tulipewa laki sita, watoto wajifunze mada ya sauti kwa kutengeneza zeze wenyewe, maana huku Bahi hakuna asiyelisikia kwa babu yake. Hela ikaingia akaunti ya shule, nikafurahi kama mjinga. Fundi mwenyewe ni mzee wa kijijini, hana TIN, ile namba ya mlipa kodi, hana mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, simu yake ya tochi. Nikaambiwa bila risiti ya EFD halipwi mtu. Kuna aliyeninong'oneza nikaombe risiti duka la vifaa vya ujenzi, iandikwe misumari. Nikaogopa. Mzee nikamlipa kwa mshahara wangu, awamu tatu, na muda wa mradi ulipoisha mfadhili akataka hela yake irudi. Ikarudi yote! Mazeze manne yapo mpaka leo. Semeni na nyie.

Mama Zabibu: Mwalimu umenitonesha kidonda. Risiti ilinitoa jasho mimi.

Mbuyu Mmoja: Yenu afadhali. Sisi tulipewa laki nane na nusu tujenge ramani ya Tanzania ya saruji uwanjani, mtoto asimame juu ya mkoa autaje. Mchanga wazazi walichota korongoni. Kivuli shuleni ni kimoja tu, cha mbuyu, tukaijenga hapo. Maziwa tuliyachimba kabisa, na siku ya uzinduzi watoto wakaja na ndoo alfajiri kuyajaza. Mgeni rasmi kafika, jenereta linanguruma, spika mbili, kina mama na ngoma zao. Sasa ndani ya ule mbuyu kuna nyuki. Tulijua wapo, miaka yote tumeishi nao vizuri tu. Siku ile spika haikuwapendeza. Nilisikia mtoto mmoja akisema, "Mwalimu, wameshuka." Mgeni rasmi katupa mkasi, kakatisha Singida, kakatisha Shinyanga, akatumbukia Ziwa Victoria mpaka magotini. Dereva kapandisha vioo anamtazama! Mimi nilikuwa chini ya meza kuu na mratibu wa mradi, tumeshikana mikono kama mapacha. Watoto walishaingia darasani zamani na kufunga madirisha. Waliovimba ni sisi wenye hotuba.

Mpita Njia: Niko kwenye daladala nacheka peke yangu, watu wanasogea mbali nami. Dereva hakufungua kweli?

Mbuyu Mmoja: Alifungua nyuki walipochoka.

Mnyiha Halisi: Swali dogo. Hiyo ramani ina Songwe?

Mbuyu Mmoja: Tulinakili ya ukutani, ya zamani. Haina.

Mnyiha Halisi: Mkoa upo tangu 2016 na nyie mnafundisha mikoa 30! Ndiyo maana hela zinaliwa.

Mbuyu Mmoja: Nani kala? Kopo la rangi limebaki, njoo na brashi uuchore mkoa wako.

Chaki Fupi: Jamani, mada.

Mzee wa Stakabadhi: Mwalimu wa zeze, kosa lako lilikuwa kwenye andiko la kuombea hela. Fundi asiye na mashine unamtaja humo mapema, mfadhili aridhie malipo yake kabla hajasaini. Na kamati ya shule ikae, muhtasari usainiwe hela ikiwa bado haijafika.

Mama Zabibu: Kamati? Shikamoo mzee, lakini kwetu kamati ilisikia tu neno hela, ikataka choo. Mimi nilikuwa nimeombea vikaragosi vya kufundishia kusoma. Nyamaza mpaka vifaa vifike.

Mzee wa Stakabadhi: Marahaba. Ukinyamaza utaitwa mwizi, shauri yako.

Mpita Njia: Kamati nayo haikukosea sana. Ruzuku ya serikali shule ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo 4,000 ya vitabu inabaki huko juu serikalini, haifiki shuleni. Choo utajengea nini?

Mama Zabibu: Kwa hiyo vikaragosi viingie chooni?

Mnyiha Halisi: Mimi nasubiri picha ya Songwe.

Mpita Njia: Mbuyu Mmoja, hujamaliza. Utepe ulikatwa au haukukatwa?

Mbuyu Mmoja: Mlinzi aliukata jioni. Alikuwa na mbuzi wa kufunga.