Ushauri: Kikundi chetu cha filamu Arusha, watu wanaangalia picha halafu wanaondoka kabla ya mjadala

DadaProjekta

Habari za jioni wakuu.

Hapa Arusha tuna kikundi cha kuangalia filamu. Si biashara, ni watu tu wanaopenda picha. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunaazimwa ukumbi mdogo maeneo ya Themi, tunafunga projekta na kuonyesha filamu moja ya zamani, au ambayo huwezi kuikuta kwenye sinema za mjini. Kule ni muvi mpya tu, na usipoiwahi wiki hiyo imeshaondoka. Picha ikiisha tunawasha taa, tunapanga viti duara, tunajadili. Kikundi kilianzishwa kwa ajili ya huo mjadala. Kama ni kuangalia tu, mtu si anaweza kuangalia kwake kitandani kwa simu?

Sasa tatizo. Taa zikiwaka, watu wanasimama. Wanaaga kwa adabu zote, "asante dada, picha nzuri sana," huyoo, mlangoni. Wanaobaki ni walewale: mwalimu mstaafu mmoja, wageni wachache wanaojitolea kwenye mashirika, na sisi wanakamati. Mwalimu akishika neno, tumefika. Na kwa kuwa wageni wapo, mjadala unageuka Kiingereza, basi vijana wanaokuja kutoka Kaloleni na Ngarenaro wanakaa kimya kama wameitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

Mara ya mwisho tulionyesha Hatari!, ile ya Howard Hawks ya 1962. John Wayne ndiye steringi, na ilipigwa hukuhuku kabla ya uhuru: Momella, Ngorongoro, hata mitaa ya mji wetu imo. Ukumbi ulijaa, watu wakasimama ukutani. Wazee walikuwa wanaoneshana Mlima Meru na kubishana barabara hii ni ipi, na wale tembo wadogo walipoingia mjini ukumbi mzima uliangua kicheko. Nikajisemea leo kwenye mjadala patachimbika. Taa kuwaka, tumebaki wa kuhesabu kwa vidole.

Kamati imegawanyika. Kuna wanaosema tufute mjadala tubaki na maonyesho. Wengine wanataka tufute maonyesho: kila mtu aangalie filamu kwa wakati wake, au twende pamoja sinema ya Njiro kuona kilichopo, halafu tukutane Jumamosi kwa chai tuijadili kama wanavyofanya watu wa vitabu. Mimi sitaki kufuta chochote. Mliowahi kuendesha kitu kama hiki, hata huko Moshi, naombeni ushauri.

Konda_Mstaafu

Dada, hiyo Hatari! ina dakika 157. Mlianza saa ngapi?

DadaProjekta

Saa kumi na mbili na nusu, watu watoke kazini kwanza.

Konda_Mstaafu

Basi iliisha saa tatu na dakika saba kama hamkuchelewa kuanza, na najua mlichelewa. Mtu wa Usa River au Ngaramtoni muda huo anawaza haisi, hana habari na Hawks. Akiikosa ni bodaboda, na bei ya boda usiku unaijua. Hao hawaukimbii mjadala wenu, wanawahi usafiri. Hamishieni Jumamosi saa tisa alasiri, halafu chagueni filamu isiyozidi saa moja na nusu. Supa Modo ya Kenya ina dakika 74 tu na inaliza watu wazima. Anzeni na hiyo muone nani atasimama.

pilau_kwanza

Chai na maandazi yatoke BAADA ya picha, sio kabla. Uzi ufungwe.

MwlRau

Konda kasema kweli kuhusu muda, ila hajamaliza.

Niko Moshi, huwa tunaonyesha picha karibu na chuo, na ugonjwa wenu tumeuugua. Dada, hebu rudia ulichoandika: wazee walikuwa wanaoneshana mlima, wanabishana barabara. Mjadala si ndio huo? Ulifanyika, ila ulifanyika gizani, nyie mkiusubiri kwenye mwanga.

Watazamaji wetu wamekulia kibanda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani. Kule hakuna anayenyamaza. Mtu anamwambia steringi ageuke nyuma, mwingine anamjibu mwenzake kwamba steringi hafi, na juu ya yote kuna sauti ya mtu anayetafsiri. Lufufu alijenga jina zima kwa kazi hiyo, na watu walikuwa wanachagua kanda kwa kuwa ni yake. Sasa mtu huyo unamkalisha kimya saa mbili, halafu unamwashia taa unamwambia "haya, sema". Aseme nini? Hamu imeshapoa.

Sisi tunasimamisha picha katikati. Robo saa, taa nusu, chai inapita, na swali linakuwa moja tu, jepesi. Hakuna anayeondoka kwa sababu picha haijaisha.

Nikupe mfano. Tuliweka Mandabi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya 1968. Mzee Dieng wa Dakar anatumiwa hela na mpwa wake aliyeko Paris kwa hundi ya posta, lakini hawezi kuichukua kwa kuwa hana kitambulisho, na kitambulisho hakipatikani bila cheti cha kuzaliwa. Tukaisimamisha pale anapozungushwa dirisha hadi dirisha. Swali likawa: wewe ungemhonga karani au ungerudi kesho? Kuna mama anauza mitumba Kiboriloni, hajawahi kufungua mdomo kwenye vikao vyetu. Akasimama na kikombe chake mkononi, akaanza kusimulia alivyozungushwa na ofisi fulani kwa ajili ya cheti cha mtoto, karani kwa karani, na kila karani akamwigiza sauti. Watu walilia kwa kucheka. Ilibidi tumwombe akae ili Dieng naye amalizie shida zake.

Na mama yule hasomi Kiingereza. Filamu inazungumza Kiwolofu na Kifaransa, maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Tuna kijana wetu anakaa pembeni na maiki. Anakuwa ameshaiangalia filamu nyumbani na daftari, anajua wapi pa kusema na wapi pa kuacha picha ijisemee. Hatafsiri kila neno. Tumemkataza kuongeza utani, anaongeza hivyohivyo.

SinemaSafi

Mwalimu, kwa heshima zote, kusimamisha filamu katikati ni kuiharibu. Mwongozaji amepanga pumzi yake, wapi ikaze na wapi ilegee, wewe unaingiza maandazi. Mandabi itavumilia kwa sababu ni kisa kinachotembea. Chukua Touki Bouki ya Mambéty, ambayo haina kisa kilichonyooka, uikate katikati uone kama kuna kitakachobaki. Na kama tumefika mahali ambapo watu hawawezi kukaa kimya saa moja na nusu, tuseme tu tunaendesha kibanda umiza chenye projekta nzuri.

Konda_Mstaafu

Kibanda umiza chenye projekta nzuri mimi naingia kesho.

Halafu mkuu, picha za Kihindi tulizokulia nazo zilikuwa na intavali, tena iliyopangwa na waongozaji wenyewe. Unatoka nje, unanunua karanga, unabishana na usiyemjua kuhusu nani kamuua baba mtu, unarudi. Hatukuharibikiwa.

SinemaSafi

Umesema mwenyewe, "iliyopangwa". Hiyo ndiyo hoja yangu.

binti_wa_Kijenge

Shikamoo Mwalimu wa Rau.

Dada, mimi niliwahi kuja kwenu na nilikuwa mmoja wa hao wanaokaa kimya, kwa hiyo nijibu kwa niaba yao. Kiingereza ni sehemu ya tatizo ila si chote. Swali la kwanza lililoulizwa lilihusu upigaji picha, matumizi ya rangi na mwanga. Mtu ambaye hajasomea hayo anaona akifungua mdomo ataonekana mshamba. Kwa hiyo unaangalia simu yako, unasubiri wenye nayo waongee.

Kwenye Hatari! mngeuliza tu hivi: hawa watu wanakamata faru na twiga kuwauza kwa zuu za nje, kazi hiyo ungeikubali? Arusha hii ambako kila nyumba ina mtu wa utalii, dereva, mwongoza watalii, mpishi wa kambi, mgelala hapo. Au mngeuliza kwa nini Waafrika kwenye ile filamu wapo muda wote, wanashika kamba, wanabeba, lakini karibu hawasemi kitu. Wanaigiza kwao, halafu wao ndio mandhari. Nikiangalia nilikuwa nalo mdomoni hilo, ila aliyesimama kwanza alizungumzia muziki wa Henry Mancini robo saa nzima.

Hapo naomba niseme la mwalimu wenu mstaafu, namheshimu sana. Msimnyamazishe, itakuwa aibu. Mpeni dakika kumi KABLA ya picha: nani kaitengeneza, lini, wapi. Kwa Hatari! angetupa raha, maana siku ile alijua hadi kwamba Hardy Krüger, yule Mjerumani aliyeigiza humo, alinunua shamba Momella baada ya kuipenda sehemu. Habari kama hiyo mtu anaitaka kabla, aingie nayo kwenye picha. Ikija mwisho, watu wameshashika mikoba.

Halafu onyesheni Vuta N'kuvute. Amil Shivji kaitoa 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, na riwaya hiyo wanafunzi wengi wameisoma kidato cha tano na sita kwa ajili ya mtihani. Alikeni shule. Watakuja wanajua Yasmin na Denge kuliko kamati nzima, na watawaambia bila kuombwa kipi kimeachwa. Kwa mara ya kwanza wageni watasubiri kutafsiriwa wao.

Mwanasheria_wa_Mtaani

Wakuu, kabla hamjafika mbali. Kuonyesha filamu mbele ya umma, hata bure, si sawa na kuangalia sebuleni. Kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, ambayo Bodi ya Filamu ndiyo inaisimamia, na kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, hiyo ni ya COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, mwelezeni mnachofanya, awaeleze vibali. Mkienda wenyewe mnaongea vizuri. Mkifuatwa ni lugha nyingine.

Kununua DVD halali hakukupi haki ya kuionyesha ukumbini. Akaunti ya Netflix ni ya matumizi binafsi, masharti yao wenyewe yanasema. Kwa filamu za nyumbani mwandikieni mtayarishaji moja kwa moja: kikundi fulani, watu kadhaa, hakuna kiingilio, tunaomba ruhusa ya siku moja. Za Senegal, Mali na Burkina Faso, ulizeni Alliance Française hapohapo Arusha. Institut français ina hazina ya filamu za Afrika, Cinémathèque Afrique, zinazotolewa kwa maonyesho yasiyo ya biashara.

Na Mwalimu, huyo kijana wako wa maiki naye mtajeni kwenye barua. Kutafsiri kazi ya mtu nako kuna haki zake.

MwlRau

Marahaba binti. Hilo la mwalimu kuongea kabla tunaliiba leo hii.

Mwanasheria, nimekusikia.

DadaProjekta

Nimesoma zote, asanteni sana.

Binti wa Kijenge, nadhani najua ni siku ipi, na rafiki yetu wa Mancini yumo humu anasoma, atajijua. Kuhusu kukata picha katikati niko na SinemaSafi, moyo wangu unakataa. Ila kamati imeomba tujaribu kwa filamu moja na nimekubali, kwa sharti kwamba mahali pa kusimamisha nachagua mimi. Kiswahili ndiyo kitakuwa lugha ya kikao, mgeni atakaa na mtu wa kumnong'oneza. Hilo halikuhitaji hata kura. La kwenda Njiro tutalifanya mwezi ambao kuna kitu cha maana kule.

Vuta N'kuvute tutaiombea ruhusa wiki hii. Tukichelewa kujibiwa tutaomba Supa Modo, maana kwenye hiyo nako kuna watu wa kibanda cha video na kelele zake, Mwalimu atafurahi.

Swali limebaki moja. Jumamosi saa tisa ukumbi wetu ni mweupe pe. Projekta yetu si kali, na jua la alasiri linaingia upande wa skrini.

Konda_Mstaafu

Madirisha mangapi?

DadaProjekta

Sita. Na kale kadogo juu ya mlango.

MwlRau

Kitambaa cheusi kizito, nunueni jora dukani mshone wenyewe, msinunue mapazia ya tayari, ni ghali na yanapitisha mwanga. Shoneni kipana kuliko dirisha, shubiri moja kila upande, la sivyo mwanga unaingia pembeni na ndio unaoua picha. Kale ka juu ya mlango ziba na boksi. Pia geuzeni ukumbi, skrini iwe upande wa madirisha na watu wayatazame. Mwanga ukipenya utakuja machoni kidogo, lakini hautapiga kwenye skrini.

pilau_kwanza

Na feni. Mkiziba madirisha sita saa tisa alasiri bila feni, watu watatoka kabla ya hata hiyo intavali.