Visamaki vya Magadi vinaishije kwenye maji ya moto vile?

kibuyu77
Habari zenu wakuu. Juzi tulienda Ziwa Magadi kule kwenye chemchemi za moto, maji ukitia mguu unautoa mbio, ila humo humo kuna visamaki vinajilia ukoga kwenye mawe bila wasiwasi. Dereva akasema vimezoea tu. Sasa kuzoea kunaingiaje kwenye jeni? Nikimchukua sato wa Ziwa Victoria nikawa namuongezea joto na magadi kidogo kidogo, wajukuu zake si watazoea? Msinicheke, baiolojia niliishia form two.

mwl_wa_bios
Sato wako atakufa kabla hujaona mjukuu 😂 Kuzoea ni kwa mwili wa samaki huyo huyo, akifa kunakufa naye, hakurithiwi. Magadi na jirani yake Natron zamani zilikuwa ziwa moja kubwa, halafu kwenye miaka 10,000 hivi iliyopita maji yakaanza kupungua, magadi yakazidi kukolea, na kwa kuwa samaki huzaliwa wametofautiana kidogo kijenetiki, wale walioweza kuhimili ndio wakazaa, wengine wakaisha. Hakuna aliyefundishwa.

Na joto wala sio shida kubwa kivile, ingawa wanafika maji ya nyuzi 42. Balaa ni pH, yaani kipimo cha ukali wa magadi kwenye maji, inakaribia 10. Samaki wa kawaida anatoa taka yake ya amonia kupitia mashavu inaishia majini, sasa kwenye maji ya pH hiyo amonia haitoki vizuri, inajaa kwenye damu, ikifika kwenye ubongo ndio kwaheri. Hawa wanaibadilisha kuwa urea, ile ile iliyopo kwenye mkojo wako, wanaitoa mashavuni. Iliandikwa kwenye jarida la Nature mwaka 1989, na ilishangaza watu maana samaki wa mifupa (sio jamii ya papa) hawana kawaida hiyo.

Tungo_Tata
Hapo sijaelewa mwalimu. Miaka 10,000 ni michache sana, jeni za kutengeneza urea walizitoa wapi?

mwl_wa_bios
Swali zuri. Hawakutengeneza mpya, walikuwa nazo. Samaki wengi wanazo hizo jeni ila zinafanya kazi wakiwa wachanga, kwenye yai na muda mfupi baada ya kutotolewa, halafu zinazimwa. Hawa wa Magadi haziwazimiki, ziko on mpaka utu uzima, tena sio kwenye ini peke yake kama kwetu, hata kwenye minofu.

dada_pwani
Naongezea, kule Antaktika ni hivyo hivyo, kitu cha zamani kinapewa kazi nyingine. Bahari inashuka mpaka karibu nyuzi -1.9, haigandi sababu ya chumvi, lakini damu ya samaki ilitakiwa igande. Wakaja kuwa na protini inayong'ang'ania vipande vya barafu visikue, na jeni yake ilitokana na jeni ya kimeng'enya cha kusaga chakula! Ila kuna kundi jingine huko huko jeni zao za hemoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu, ziliharibika kabisa, damu haina rangi, na wanaishi tu kwa sababu maji ya baridi yana oksijeni nyingi, moyo ndio unapiga kazi ya ziada. Ndio maana sipendi watu wakisema kila badiliko ni "uboreshaji", mengine ni hasara ambayo haikuua.

Njoro_kidogo
Hao wa Magadi walipelekwa hadi Nakuru miaka ya 50 ili wale viluwiluwi vya mbu, wakazaana mpaka ndege mwari wakahamia huko. Mbu sina uhakika kama walistuka lol

kibuyu77
Asanteni sana. Sasa nikigeuza, nikiwatia hao kwenye maji yasiyo na magadi mengi, urea wataacha?

mwl_wa_bios
Walishajaribiwa, maji yakachanganywa mpaka magadi yakabaki kidogo sana. Hawakufa, na urea wakaendelea kutoa tu, japo kuitengeneza kunakula nguvu nyingi na humo hawakuwa na haja nayo.

kibuyu77
Duh.