Mjadala: Kanisa lisilo na askofu, nani amchunge mchungaji?

Shemasi wa Bamburi

Jamani, hamjambo. Wachungaji wa mtaa wetu wameandika barua ya pamoja kuunga mkono mapendekezo ya jopokazi la Mutava Musyimi, na kanisa letu la Kibaptisti limeombwa litie sahihi. Washirika wamegawanyika. Mimi nimekataa. Nitaeleza sababu, kisha mnikosoe mtakavyo.

Kwa aliyesahau: Aprili 2023 miili ilianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, hata ikapita 400. Ni watu walioaminishwa kwamba wakifunga mpaka wafe watakutana na Yesu. Mei mwaka huohuo Rais Ruto akaunda jopokazi, na Julai 2024 likakabidhi ripoti: itungwe sheria ya mashirika ya dini, iwepo tume, na makanisa yawe chini ya miavuli, yaani vyama vya pamoja, itakayoyasimamia. La ajabu ni kwamba mwenyekiti wa jopokazi alikuwa mtu wa kwetu kabisa. Mchungaji Musyimi alikuwa Nairobi Baptist kabla ya kuongoza Baraza la Makanisa, NCCK.

Wengi hutuuliza sisi Wabaptisti ni watu gani hasa. Hatubatizi watoto wachanga. Mtu huamini mwenyewe kwanza, ndipo azamishwe majini mzimamzima. Sisi twatumia bahari, pale ufuo wa Pirates, na kazi ya shemasi ni kujua maji yajaa saa ngapi. Ukiwapeleka watu maji yamekupwa, mtatembea hadi karibu na mwamba na bado maji yako magotini, na mchungaji itabidi amlaze mtu ubavu kama asuuzaye sufuria. Askofu hatuna. Hakuna ofisi Nairobi inayotuletea mchungaji wala inayomhamisha. Washirika ndio humwita kwa kura, na kwa kura humwondoa. Kila baada ya miezi mitatu twakaa kikao na mweka hazina husoma hesabu mstari kwa mstari. Kikao kilichopita mama mmoja muuza mahamri alisimama akauliza mbona petroli ya jenereta imekula shilingi 3,200 mwezi ambao stima haikupotea hata siku moja. Mchungaji alijibu kwa kusimama, na jibu lilipopwaya akaambiwa alete risiti.

Mambo haya hayakuzuka Bamburi. Waingereza wawili, John Smyth na Thomas Helwys, walianzisha kanisa la namna hii wakiwa wakimbizi Amsterdam mwaka 1609. Helwys akarudi London, na 1612 akachapisha maandishi ya kumwambia Mfalme James kwamba yeye ni binadamu wa kufa kama wengine, hana mamlaka juu ya roho za raia zake. Akaenda mbali zaidi: hata Mwislamu, hata Myahudi, hata Mkristo aliyepotoka kabisa, si kazi ya serikali kumwadhibu kwa imani yake. Maneno hayo ukiyasema Mombasa leo utapata wa kukupinga pande zote mbili. Yeye alitiwa gereza la Newgate, na kufikia 1616 alikuwa ameshakufa.

Sasa hoja yangu. Kumuua mtu ni kosa. Kumnyima mtoto chakula ni kosa, kumtoa shule ni kosa. Sheria zote hizo zilikuwepo kabla ya Shakahola. Machi 2023 Paul Mackenzie, yule mhubiri wa Shakahola, alikamatwa kuhusu vifo vya watoto wawili, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Elfu kumi! Na kanisa lake alikuwa ameshalifunga tangu 2019. Hiyo tume ingemtafuta wapi mtu asiye na kanisa, aliye msituni? Leseni humbana yule aliyekuja kuiomba. Atakayesumbuliwa ni mama wa mahamri na kikao chake.

Nangoja.

Mwana wa Likoni

Shemasi, hiyo ya jenereta nimeipenda, lakini kanisa lako ni moja. Huku kwetu ukipita nyumba tatu wakuta mabati, spika na bango lenye picha ya mtu na mkewe. Wewe wasema washirika humwondoa mchungaji. Haya, mchungaji ndiye mwanzilishi, mkewe mweka hazina, shemeji yake katibu. Kura hiyo itaitishwa na nani? Waanglikana wana askofu wao hapahapa Mombasa, Wakatoliki vilevile. Muumini akionewa ana mlango wa kubisha. Kwenu mlalamishi aende wapi?

Binti Majengo

Assalam aleikum. Mimi si wa kanisani lakini mada imeniita.

Kumbe leo ndiyo mmejua ubaya wa serikali kuingia kwenye ibada? Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa hapa Majengo kwa mabuti na vitoa machozi. Novemba mwaka huo wakafunga misikiti ya Musa na Sakina, kisha Swafaa na Minaa. Walisema wamepata silaha. Na ni kweli kulikuwa na vijana waliopotoshwa, siwatetei. Sisi wa Majengo ndio tujuao ni mama gani hajamuona mwanawe hadi leo. Lakini mzee aliyezoea kuswali alfajiri Sakina na kurudi nyumbani kunywa chai yake, alikosa nini? Siku zile sikusikia kanisa hapa mtaani likisema serikali haina mamlaka juu ya roho ya mtu. Huyo Mwingereza wenu alitutaja Waislamu zaidi ya miaka 400 iliyopita. Nyinyi mlio jirani zetu hamkututaja.

Shemasi wa Bamburi

Wa aleikum salaam, dada. Hayo uliyosema yaipa hoja yangu nguvu. Mkono uliofunga msikiti mzima kwa ajili ya kundi la vijana ndio utakaofunga kanisa zima kwa ajili ya mhubiri mmoja. Ukishaukubali kwa jirani umeukubali kwako.

Binti Majengo

Mimi sikuyasema yaipe nguvu hoja yako. Nilikuuliza mlikuwa wapi.

Wakili wa Tononoka

Niweke sheria mezani, maana naona watu wanazungumza kana kwamba hakuna lolote. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, yasema hakuna dini ya taifa. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa dhamiri na ibada, lakini cha 24 charuhusu haki kuwekewa mipaka, mradi mipaka hiyo iwe ya busara na yenye sababu ya haki. Kwa hiyo swali si kama serikali yaweza kugusa dini. Yaweza. Swali ni igusie wapi na kwa kiasi gani.

Pili, Shemasi, kanisa lako tayari linajulikana na serikali. Mmesajiliwa kwa Msajili wa Vyama na mwapaswa kupeleka taarifa kila mwaka. Mwanzoni mwa 2016 Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alitaka kuongeza masharti kwa kanuni mpya. Makanisa yakapiga kelele, Rais Uhuru akaamuru zirudi kujadiliwa upya. Miaka saba baadaye tukawa twafukua miili. Jambo hilo nawaachia mlitafakari wote wawili, anayetaka sheria na asiyeitaka.

Ila mwenye kutamani mtindo wa Rwanda apunguze mwendo. Wao 2018 walitunga sheria ya kudai shahada ya theolojia kwa wahubiri, na mwaka huohuo wakafunga mamia ya makanisa Kigali kwa sababu za majengo, usafi na kelele. Lete hiyo hapa Kisauni uone. Makanisa mangapi Mombasa yamejengwa kwa mtindo wa nyumba bila shamba, yaani kuta ni zako lakini ardhi ni ya mtu mwingine unayemlipa kodi? Mkaguzi akidai karatasi za kiwanja, mwenye ardhi hazitoi, na kanisa limekwisha. Mhubiri mwenye pesa atajenga ghorofa na leseni ataitundika ukutani.

Mwalimu wa Rabai

Nimesoma historia ya Shemasi kwa makini. Ni ya kweli, ila amechagua kurasa.

Wabaptisti walioleta kanisa lenu hapa wengi ni wa Kusini mwa Marekani. Wamishonari wao waliingia Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Muungano wao ulizaliwa Augusta, Georgia, 1845, na uligawanyika na wenzao wa Kaskazini kwa sababu ya watumwa: je, mwenye watumwa aweza kutumwa kuhubiri Injili? Wa Kusini wakasema aweza. Kuomba radhi rasmi waliomba 1995, miaka 150 baadaye.

Sisi wa pwani jambo hili si la kusimuliwa. Hapo Kengeleni kengele ya Freretown ipo, mahali ambapo CMS, shirika la wamishonari wa Kianglikana, ilikusanya watumwa walioachiliwa miaka ya 1870. Sasa fikiri: kule Georgia kila kanisa lilikuwa huru, halina askofu, lapiga kura. Na kura zikaamua minyororo ibaki. Yule aliyefungwa minyororo hakuwa na kura yenye uzito katika kikao hicho, hata kama alibatizwa kwenye mto uleule. Walioimaliza biashara hiyo Marekani ni vita na sheria ya serikali. Shemasi anaponiambia washirika watajichunga wenyewe, nami namuuliza washirika gani.

Shemasi wa Bamburi

Shikamoo, Mwalimu. Ukurasa huo siukani. Lakini karibu na huo kuna mwingine. Samuel Sharpe, mtumwa wa Jamaica, alikuwa shemasi wa Kibaptisti. Krismasi ya 1831 aliwaongoza watumwa kugoma, mgomo ukawa uasi, akanyongwa Montego Bay 1832. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Na waliochoma makanisa ya Kibaptisti kule walikuwa mabwana wenye mashamba, ambao serikali ya kisiwa ilikuwa mikononi mwao. Sharpe angengoja kibali chao cha kuhubiri asingekipata.

Mwalimu wa Rabai

Marahaba. Sharpe nampa heshima yake. Ila nimekuuliza kuhusu Georgia, umenijibu kwa Jamaica.

Mama wa Mishomoroni

Wanangu, nyinyi mwazungumza 1612 na 1845. Mimi nina jambo la mwaka juzi.

Dada yangu mdogo alikuwa mpishi wa hoteli miaka mingi. Alipostaafu alipewa kiinua mgongo. Kanisa lake (silitaji, na halina askofu wala mkubwa yeyote) lilikuwa likichangisha kununua kiwanja. Akatoa nusu ya pesa zake. Kiwanja kikanunuliwa, kikawekwa ua wa makuti, tukaenda kukiombea, mimi mwenyewe nikiwemo. Mwaka haukuisha tukasikia hati imeandikwa jina la mchungaji, si la kanisa. Dada akauliza kikaoni, akaambiwa ana roho ya uasi. Akaondolewa kwaya. Wale aliokuwa akila nao wakawa hawamwamkii sokoni.

Tukaenda kituoni. Afisa akasema haya ni mambo ya dini, hawaingilii. Tukaenda kwa chifu, akasema turudi kwa wazee wa kanisa, na wazee wenyewe ni nduguze mchungaji, kama alivyosema huyo kijana wa Likoni. Shemasi mwanangu, wasema sheria zilikuwepo. Zilikuwepo, ndiyo. Tulipozibishia hodi hakuna aliyefungua.

Mwana wa Likoni

Mama amemaliza. Shemasi, tia sahihi.

Shemasi wa Bamburi

Pole sana, Mama, wewe na dada yako.

Mwana wa Likoni, barua ile yasema makanisa yawe chini ya mwavuli na wachungaji wapitishwe kabla ya kuhubiri. Haisemi neno kuhusu hati za viwanja. Mwavuli hausomi hati. Hukusanya ada ya uanachama na kuchagua mwenyekiti. Na mchungaji wa dada yake Mama, akiwa mtu wa maneno mazuri, huenda akawa mwenyekiti. Iandikwe upya: ardhi ya kanisa iandikwe majina ya wadhamini waliosajiliwa na hesabu zisomwe mbele ya kila mshirika. Na afisa anayemfukuza mlalamishi kwa kusema "ni dini" aadhibiwe, kwa maana huyo ndiye aliyetuponza Shakahola. Hiyo nitaitia sahihi kesho asubuhi.

Mwana wa Likoni

Na hayo yote yatasimamiwa na nani kama si serikali? Umeshakubali, ila hutaki kusema.

Shemasi wa Bamburi

Nimekubali ikague hati na hesabu. Mahubiri nimekataa. Ni milango miwili.

Binti Majengo

Kwetu mwaka 2014 walianza na mlango wa silaha. Muulizeni yeyote wa Majengo kama waliishia hapo.

Mwalimu wa Rabai

Naam, dada. Na mwaka 2025 kule Kwa Binzaro, hukohuko Kilifi, wakafukua miili mingine, wakati jopokazi lilikuwa limeshatoa ripoti. Mimi bado nataka sheria. Ila nataka nijue kwanza ni nani atakayeishika.

Wakili wa Tononoka

Mama wa Mishomoroni, tuwaache hawa kidogo. Kwanza, chukua nambari ya kiwanja uombe upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, mjue hati imeandikwa nani na lini, msitegemee uvumi. Pili, kama pesa zilichangwa kwa ajili ya kanisa zikanunua mali ya mtu binafsi, hilo si la dini hata kidogo, na afisa wa kituo hana ruhusa ya kuligeuza. Akikataa kuliandika, ombeni kumuona mkuu wa kituo. Dada yako ana ushahidi wowote wa kutoa? Risiti? Au alitia bahasha kwenye kikapu?

Mama wa Mishomoroni

Hakutia kikapuni. Alituma kwa M-Pesa, mara tatu. Nambari ni ya mchungaji mwenyewe.

Wakili wa Tononoka

Mwambie asifute hizo meseji.