Mshindi wa mnada asiyelipa: tumwanike, au tudai arubuni kabla ya dau?

Mnadi wa Kariakoo (mtoa mada)
Hoja iko hivi. Minada ya simu na mitumba kwenye magrupu ya WhatsApp imeshamiri, na haikosi mshindi anayezima simu mara tu anapoambiwa alipe. Mwenye mali anabaki na mzigo, mnadi anabaki na lawama. Wapo wanaosema dawa yake ni kuanika picha na namba ya mkaidi. Mimi nasema arubuni: asilimia 10 ya bei ya kuanzia, ilipwe kabla mtu hajataja dau. Walioshindwa warudishiwe usiku uleule, mshindi ikatwe kwenye bei. Minada ya nyumba zilizowekwa rehani haioni haya kwa hili. Matangazo ya Tanzania kwa kawaida hudai asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14; ya Kenya asilimia 25 nyundo ikigonga, salio ndani ya siku 90. Kwa nini simu ya laki sita inadiwe kwa imani tupu?

Mama Gredi A
Nyumba si gauni, kaka yangu. Gauni linaloanzia 5,000 linapandishwa na wingi wa watu. Ukiweka lango mlangoni watabaki wanne, na wanne hao wanajuana. Dau litasimama kwenye 7,000. Halafu hiyo arubuni ya 500 uirudishe kwa watu thelathini mmoja mmoja, na kila muamala una ada yake. Faida ya gauni imekwisha.

Tuulizane kwanza nani halipi. Kwenye bei ndogo mara nyingi si tapeli, ni mtu asiye na hela wiki hiyo. Mnada uliofungwa tarehe 18 na mnada uliofungwa tarehe 28 si sawa hata kidogo. Kwa mzigo usiozidi 30,000 inatosha hivi: saa 24 za kulipa, ukumbusho mmoja zikitimia 12, zikipita 24 mali inakwenda kwa wa pili bila mabishano. Aliyekwepa mara mbili unamtoa kwenye grupu. Kelele za nini?

Dogo wa Spea
Nani anashika hiyo arubuni? Mnadi mwenyewe? Grupu zima likiweka 60,000 kila mtu halafu mnadi ndiye akazima simu, tutafungua mada nyingine hapa.

Wakili wa Mtaani
Tuanze na nyundo, maana wengi mnaanzia katikati. Kwa Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Tanzania Bara na Kenya pia, mali iliyonadiwa inahesabika imeuzwa mnadi anapotangaza kwa kugonga nyundo au kwa ishara nyingine iliyozoeleka. Kabla ya hapo, mtaja dau ana haki ya kulirudisha dau lake. Sasa kwenye grupu nyundo ni ipi? Wengi huandika tu "mnada umefungwa" na kwenda kulala. Andika ujumbe kamili: IMEUZWA, kitu gani, kwa bei gani, kwa nani, alipe kabla ya saa ngapi. Bila hivyo mtu akikwambia alishabadili nia, huna pa kumshikia.

Kuanika watu mkuache. Picha, jina na namba ya simu ni taarifa binafsi, na kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 Tanzania, na ya 2019 Kenya. Unaanza ukiwa mdai, unamaliza ukiwa mdaiwa.

Na arubuni haiwi yako yote eti kwa sababu umeandika "hairudi". Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Tanzania kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri inayostahili, isiyozidi kiasi kilichotajwa. Kwa hiyo piga hesabu ya hasara. Simu imekwenda kwa 300,000, mshindi amekwepa, ukaiuza kwa 280,000 na matangazo ya pili yakala 5,000: hasara ni 25,000. Ulishika 60,000? Zilizobaki 35,000 ni zake. Wa Kenya wana pia Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea mashauri yasiyozidi shilingi 1,000,000, ila kwa gauni hakuna atakayekwenda.

Shemeji wa Ughaibuni
Niongeze jinsi eBay, soko la minada la mtandaoni, wanavyofanya, maana tatizo hili wamelala nalo miaka mingi. Mnunuzi ana siku 4 za kulipa. Zikiisha, muuzaji anaruhusiwa kuyafuta mauzo kwa sababu ya kutolipwa, anarudishiwa ada ya mauzo, na mnunuzi anabaki na alama kwenye akaunti. Muuzaji anaweza kuchagua wenye alama hizo wasitaje dau kwake kabisa. Lakini muuzaji kumwandikia mnunuzi maoni mabaya hadharani walishafuta tangu 2008. Yaani rekodi ipo, inafanya kazi yake kimyakimya.

Wana pia utaratibu wa kumpa nafasi wa pili, kwa dau lake la juu kabisa. Hapo mimi siafiki.

Bint Mvita
Wala mimi, na hapa ndipo watu huumia bila kujua. Tuseme dau zimekwenda hivi: wa tatu 210,000, wa pili 290,000, mshindi 300,000. Mshindi hakulipa. Mnadi anamwendea wa pili: "lete 290,000." Nani alimfikisha wa pili 290,000? Ni yule yule hewa! Asingekuwapo, wa pili angeichukua kwa hatua moja juu ya wa tatu, yaani 220,000 ikiwa hatua ni 10,000. Wanadi wengine hujua sana jambo hili, na huyo "mshindi aliyekwepa" ni binamu yao. Kanuni iwe moja: mshindi akianguka, dau zake zote zinafutwa na hesabu inarudi nyuma. Mnadi hana tena faida ya kuweka mtu wa uongo.

Kuhusu arubuni, huku pwani msisahau kwamba kwa madhehebu ya Kiislamu ya Shafi, na wengi wetu ndiko tuliko, muuzaji kuila arubuni biashara ikivunjika haifai. Hanbali ndio walioiruhusu. Kwa hiyo msiite arubuni. Iwe amana, irudi kwa kila mtu, ila iwe ndogo: KSh 100 tu. Kwa M-Pesa ya Kenya kutuma 100 hakuna ada, kwenda wala kurudi. Mtauliza 100 inamzuia nani. Haimzuii kwa uzito wake. Inaleta *jina lililosajiliwa*. Aliyejiita "King Boy" anaingia kwenye daftari kwa jina la kitambulisho, na akirudi wiki ijayo kwa laini nyingine, jina ni lile lile. Ila hakikisha kwenye taarifa ya akaunti yako, si kwenye ujumbe aliokutumia yeye. Ujumbe wa malipo hughushiwa kila siku.

Dogo wa Spea
Hiyo nimeielewa. Ongezeni na hili: WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Mtu anataja 250,000, anatisha wenzake, dakika ya mwisho anaigeuza 150,000. Ujumbe wenye alama ya kuhaririwa usihesabiwe, na mnadi awe anajibu kila dau papo hapo kwa kuandika tarakimu zote. "+10" si dau, kidole gumba si dau. Sifuri iliyozidi irekebishwe kwa ujumbe mpya ndani ya dakika 2.

Mnadi wa Kariakoo
Sawa, nalegeza. Chini ya 30,000, utaratibu wa Mama. Kuanzia 30,000 hadi 200,000, amana ya jina. Juu ya 200,000 bado nadai asilimia 10, ila ishikwe na mtu wa tatu aliyekubaliwa na grupu, na ikatwe hasara halisi tu, kwa hesabu iliyoandikwa.

Bint Mvita
Na huyo mtu wa tatu analipwa na nani?

Mama Gredi A
Na asiwe binamu.