Mkuu wa weita melini: apewe bahasha yake, au makato ya kila siku yanatosha?

Mtoto wa Iganga (mwanzisha mada)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wote. Niko majini, wala si ziwa letu Nalubaale (Victoria), ni bahari ya chumvi yenyewe, kati ya Doha na Dubai. Kaka yetu anafanya kazi Dubai, ana miaka kumi na kitu huko, na mwaka huu ametualika mimi, dada na mama tupande naye meli ya utalii siku saba. Leo ni usiku wa tano. Intaneti ya humu ni ya kulipia, nimenunua ya siku mbili, kwa hiyo nijibuni upesi, kisha mtabaki mkipigana wenyewe.

Swali langu: mkuu wa weita apewe bakshishi au asipewe?

Meza yetu ina wahudumu watatu. Kuna weita, kijana wa Kihindi, ndiye anayechukua oda na kuleta sahani. Kuna msaidizi wake, binti wa Ufilipino, wa maji na mikate na kuondoa vyombo. Halafu juu yao kuna mkuu, mtu wa makamo kutoka Indonesia, koti jeusi, viatu vinang'aa mpaka unaona taa ndani yake. Huyu hata kijiko habebi. Anapita tu. Anasimama nyuma ya kiti chako, anainama kidogo, anauliza kama mambo ni mazuri, unasema mazuri, anakwenda meza ya jirani kuuliza hayohayo. Usiku wa kwanza alikuja kujitambulisha. Usiku wa pili na wa tatu mimi sikumwona. Leo amekuja mara tatu na tabasamu limepanuka. Kaka anasema ndivyo walivyo, safari ikikaribia mwisho wakuu huongezeka.

Sasa hela. Kila mmoja wetu anakatwa dola 14 kwa usiku kwa ajili ya huduma, upende usipende. Watu wanne, siku saba, ni dola 392. Kwa shilingi zetu za Uganda inakaribia milioni moja na laki nne na nusu. Nilipoisoma bili kwa simu, simu ikalitafsiri neno lile la Kiingereza, "gratuity", kuwa "kiinua mgongo". Nikamsomea mama. Akauliza, "Hawa wote wanastaafu?"

Juu ya hiyo, kaka anataka usiku wa mwisho tutoe bahasha tatu: weita dola 20, msaidizi 15, mkuu 10. Na hizo bahasha ni juu yangu, maana tiketi kalipa yeye. Mbili za kwanza sina ubishi. Ya tatu ndiyo inanikwama. Kwetu ukila vizuri hotelini unamwachia aliyekuletea chakula. Humtafuti msimamizi kaunta umpe elfu kumi kwa sababu suti yake imepigwa pasi. Mimi nasema asipewe. Nipingeni.

Rolex Mbili

Ssebo, wewe unaelea siku saba kwa hela ya kaka yako halafu unatuamsha kwa ajili ya dola kumi. Mpe mtu wa watu ukalale.

Mtoto wa Iganga

Tiketi ni ya kaka. Bahasha ni zangu. Ungekuwa wewe ungeuliza mara mbili.

Baharia wa Nchi Kavu

Nilifanya kazi kwenye meli za aina hiyo mikataba minne. Nilianza kama msaidizi, nikapanda kuwa weita. Ukuu sikuufikia, magoti yalikataa. Sasa niko Entebbe nauza vipuri vya injini za mashua, kwa hiyo sina upande.

Kwanza, mkuu wa weita si meneja. Meneja wa ukumbi wa chakula ni mwingine, na huyo hakuna anayemtegemea kwa bahasha. Mkuu ana weita kadhaa chini yake na meza zao zote. Kazi yake huioni kwa sababu ikienda sawa hakuna kitu cha kuona. Weita mmoja amelemewa na kundi la wazee kumi na wawili, nani amsaidie? Watu wa meza fulani wamegombana, wahamishiwe wapi? Na kubwa kuliko yote ni masharti ya chakula. Mgeni anayeuawa na karanga, au asiyekula kitu fulani, ndiye mkuu anayempelekea menyu ya kesho usiku huu ili achague mapema, halafu anaingia nayo jikoni. Kosa likitokea haitwi weita, anaitwa yeye.

Zamani hesabu zilikuwa wazi. Kampuni ya meli za utalii ya Royal Caribbean ilikuwa ikipendekeza hivi kwa mgeni mmoja kwa siku: weita dola 3.50, anayetengeneza chumba 3.50, msaidizi wa weita 2, mkuu wa weita senti 75. Usiku wa mwisho ukumbi mzima ulikuwa bahasha tu. Mkuu alikuwa akipata kidogo kuliko wote kwa kichwa kimoja, lakini vichwa vyake vilikuwa vingi. Siku hizi kampuni kubwa karibu zote zinakata moja kwa moja na kugawa, na mgawo unafika hadi kwa watu ambao hutawaona kabisa, wa jikoni, wa kufulia. Kwa hiyo ndiyo, hiyo 392 yako huenda imeshamgusa. Imemgusa kiasi gani, mgeni haambiwi.

Onyo moja. Usiende kaunta kufuta makato ili "uwape mkononi wenyewe". Zipo kampuni ambazo chumba kilichofuta kinajulikana, na weita akipokea bahasha ya chumba hicho anatakiwa aipeleke kwenye mfuko wa pamoja. Utadhani umemnyoosha kampuni, kumbe umemvua shati kijana wa watu.

Ushauri wangu ni mfupi: kama hakuna kitu alichokufanyia zaidi ya kuinama nyuma ya kiti, muage kwa mkono na umtazame usoni. Inatosha.

Mama Posho wa Mbale

Mimi nina hoteli ndogo, weita sita. Ninachouliza ni kimoja: mwenye meli kwa nini asilipe mshahara unaotosha, mpaka abiria apewe kazi ya mhasibu usiku wa mwisho?

Baharia wa Nchi Kavu

Kwa sababu anaweza, mama. Ofisi iko Miami, bendera nyuma ya meli ni ya Bahamas au Panama, weita ni wa Goa. Sheria ya mshahara ya Florida haimgusi. Kuna mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ulianza kufanya kazi 2013, huo unasema baharia apate walau saa 10 za kupumzika kwa siku na 77 kwa wiki. Piga hesabu zilizobaki uone ni za nani. Mimi miezi minane sikuwahi kuamka siku ambayo sina zamu.

Mama Posho wa Mbale

Nimepiga. Lakini tusiwacheke sana hao wa Bahamas. Kima cha chini cha mshahara cha Uganda ni shilingi 6,000 kwa mwezi, kiliwekwa 1984 na hakijabadilishwa. Kwa mwezi, jamani! Hazitoshi rolex mbili, zile chapati za kukunja na mayai, na soda (samahani wewe mwenye jina). Bunge lilipitisha muswada wa kubadilisha mwaka 2019, Rais akakataa kutia sahihi. Kwa hiyo mimi nikiwalipa vijana wangu juu ya hapo sheria inaniona malaika, na wao wanajua si malaika.

Na wateja nao! Anaona kwenye risiti VAT 18%, anasema "ya weita si mmeshaiweka hapa?" Ile ni ya serikali, baba. Weita hanusi hata harufu yake.

Mvukaji wa Mutukula

Mimi navuka mpaka kila wiki, niwape ya upande wa pili. Tanzania walibishana jambo hilihili kwa jina la takrima. Sheria ya uchaguzi ilikuwa inamruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura, eti ni ukarimu wa Kiafrika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema basi, ikaifuta. Kilichowasumbua watu si pilau. Ni kwamba pilau ilikuja kabla ya kura.

Sasa mkuu wa weita ndiye mwenye mamlaka ya meza. Ukimpa dola 20 usiku wa kwanza akuweke dirishani, kuna mtu ameondolewa dirishani. Hiyo mimi naiita hongo hata kama iko katikati ya bahari. Ukimpa baada ya kazi kwisha, wakati hana tena cha kukupa, hapo tunaweza kuiita bakshishi. Mwenye mada, ninyi mmekaa wapi?

Mtoto wa Iganga

Karibu na mlango wa jikoni. Trei zinanipita sikioni.

Mvukaji wa Mutukula

Basi hakuna aliyehonga.

Pua ya Mashua

Niko Jinja, kwenye mashua za jioni, zile za kutazama jua likizama pale Nile inapoanza. Sitasema za nani. Wageni wanaburudika, wanashuka, wanatafuta wa kumpa. Wanampa nani? Aliyesimama ngazini kuwaaga, yaani msimamizi. Anasema, "Asanteni, tutagawana." Kuna kisanduku cha mbao chenye kufuli, ufunguo uko kwake. Mimi nimefunga kamba, nimefungua chupa, nimesafisha matapishi ya bwana mmoja aliyekunywa Waragi kabla hatujang'oa nanga. Mwezi uliopita mgawo wangu ulikuwa elfu nane. Sikuuliza ya msimamizi, nina watoto wawili shuleni.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Iganga, usimpe mkuu. Wape wale wawili, mkononi, waone rangi yake. Wakuu wanajua kujipatia.

Mzee wa Paraa

Pua ya Mashua anasema kweli lakini si kweli yote. Nimepeleka wageni Murchison Falls miaka mingi. Mashua inatoka Paraa inapanda mto hadi karibu na maporomoko, pale Nile nzima inapojibana kwenye mwanya wa kama mita 7 na kuanguka. Mbele amesimama kiongozi anaeleza: huyu kiboko, yule mamba, yule ndege mwekundu. Nyuma kabisa, wageni wamempa mgongo, hawamtazami, yuko nahodha. Ndiye aliyejua mamba amelala ukingo upi leo, ndiye aliyezima injini mapema ili mama tembo asikimbize mtoto wake. Tukirudi gatini, noti zote zinakwenda kwa aliyekuwa akizungumza.

Watu hulipa wanachokiona. Mwenye mada anasema "hata kijiko habebi". Nahodha naye hakubeba kijiko.

Rolex Mbili

Nimekuja na mzaha, sasa nasoma kila mstari. Mzee wa Paraa, huyo nahodha ulimpa?

Mzee wa Paraa

Mara nyingine. Si kila mara. Nakiri.

Dada Mtu

Mimi ndiye dada anayetajwa hapo juu. Niko chumba cha pili, natumia intaneti yake, ameacha nywila wazi.

Kaka yangu huyu mwenye mada, si yule wa Dubai, hakuwaambia kitu, na nadhani ni kwa sababu hakijui. Yeye kila usiku akimaliza nyama anakimbilia ukumbi wa muziki. Mimi na mama tunabaki. Usiku wa kwanza mama alikataa kugusa chakula. Aliuliza kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri: huu mchuzi una mvinyo? Nyama imechinjwa vipi? Weita hakujua, akaogopa. Akaitwa mkuu. Yule bwana hakusema "sawa, sawa" akaondoka. Alikwenda jikoni, akarudi baada ya dakika kumi, akasema mchuzi huo una mvinyo, usiule, na supu ile imechemshwa na mifupa sina uhakika nayo, iache pia. Akamletea samaki wa kuokwa na wali mtupu kwenye sahani iliyofunikwa.

Tangu hapo kila usiku, huyu mwenye mada akiwa kwenye muziki, anakuja na menyu ya kesho na kalamu. Anachuchumaa, mtu mzima yule, ili macho yake yawe sawa na ya mama. Anaweka alama kwenye vinavyofaa. Usiku wa pili na wa tatu ambao "mimi sikumwona" ndio aliokaa nasi muda mrefu zaidi.

Baharia wa Nchi Kavu

Nilisema mimi. Menyu ya kesho.

Mtoto wa Iganga

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani mama amezoea samaki tu.

Ila bado nina swali, nisije nikaonekana nimenyamazishwa. Mvukaji amesema bakshishi ni ya aliyefanya zaidi ya kazi yake, au ni ya baada ya kazi? Maana Baharia mwenyewe anasema menyu ya masharti ni kazi yake mkuu. Kama ni kazi yake, na 392 imeshakatwa?

Mvukaji wa Mutukula

Nilisema baada. Hilo la "zaidi" umeliongeza mwenyewe.

Mama Posho wa Mbale

Kuchuchumaa hakumo kwenye mkataba wa mtu yeyote, mwanangu.

Pua ya Mashua

Kwa huyo narudi nyuma. Mpeni. Lakini msipunguze ya wale wawili ili mumpe yeye.

Dada Mtu

Mnabishana bure, mama alishampa. Usiku wa nne. Alifungua pindo la leso yake, mimi nikadhani anatoa dola, akatoa kikopo cha nsenene za kukaanga alizobeba kutoka Iganga. Nilitaka kuingia chini ya meza. Yule bwana akafungua, akanusa, akacheka kwa sauti mpaka meza ya jirani wakageuka. Anatoka Gunungkidul, kisiwa cha Java, na anasema kwao panzi wa kukaanga wanauzwa barabarani kama sisi tunavyouza nsenene. Akala tatu palepale, amesimama, na koti lake jeusi.

Rolex Mbili

Hiyo ni kabla au baada? Mvukaji, njoo uamue. Kulikuwa bado na siku tatu za menyu.

Mvukaji wa Mutukula

Nsenene sizihukumu.

Mtoto wa Iganga

Bahasha nitatoa, kaka anasema kumi, mimi nasema tano kwa kuwa kikopo kilishatangulia, bado tunavutana. Lakini ngojeni kwanza. Jumatano nilimuuliza mama kama nsenene zimebaki. Aliniambia zimekwisha.